Marehemu Rogath Sifael Mfinanga na Ndiva ya Kivindu

Mchungaji ameomba wasifu uwe mfupi na uwe mzuri. Kwa ufupi tutajitahidi. Haya mnayoyasikia yameandikwa na Hedwiga, dada wa marehemu, na mjane amesomewa kila mstari. Kila mstari alijibu kwamba uachwe kama ulivyo. Kwa hiyo baada ya chakula asitokee mtu kutunong'oneza kwamba mambo mengine hayasemwi mbele ya jeneza. Marehemu mwenyewe hakuona haya kusema jambo mbele ya yeyote, ilimradi liwe na chanzo.

Rogath Sifael Mfinanga alizaliwa Kighare, Ugweno, tarehe 26 Mei 1957, Jumapili ya Rogate, na Jumapili hiyo ndiyo iliyompa jina. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Sifael na Mama Elinaza, na kaka wa pekee wa Hedwiga. Mama yake alizoea kusimulia kwamba siku ile ilinyesha mvua ya mawe, migomba yote ikalala chini, mkunga akafika amejifunika ungo kichwani. Rogath alipokuwa mtu mzima akamweleza mama kwamba ametafuta, na hakuna mahali palipoandikwa kuwa mwaka ule kulinyesha mvua ya mawe Ugweno. Kati ya aliyekuwa anazaa na aliyekuwa anazaliwa, aliyeshinda ni yule ambaye siku hiyo hakuwa na macho ya kuona. Mama hakuisimulia tena mvua ile, hata kwa wajukuu.

Alianza darasa la kwanza hapa Kighare mwaka 1965, akamaliza la saba mwaka 1971. Waliosoma naye wanakumbuka siku mwalimu alipofundisha kwamba Ziwa Jipe katikati halina mwisho kwenda chini. Rogath akanyoosha mkono akauliza ni nani aliyepima. Alichapwa, na alichapwa barabara, lakini wiki iliyofuata mwalimu akasema inasemekana ziwa halina mwisho. Neno hilo, inasemekana, Rogath alilihesabu kuwa ni ushindi wake wa kwanza, na mpaka uzeeni alilisimulia akicheka na machozi yakimtoka. Alikuwa na kicheko kizuri sana, tusimnyime. Baada ya kidato cha nne mjini Same alikwenda chuo cha ualimu mkoani Tanga, akahitimu mwaka 1977 kwa cheti cha daraja la kwanza.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa shule ya msingi Kivindu, kijiji cha juu, saa mbili kwa miguu kutoka hapa. Alifundisha historia na hesabu. Wazazi walimpenda kwa sababu hakulewa, hakuazima kuku, na mtoto awe wa nani, yeye hakujali. Huko ndiko alikomwona Raheli binti Gideoni akiteka maji kwenye mfereji. Walifunga ndoa takatifu tarehe 5 Januari 1985 katika usharika wa hapa Kighare, na Mungu akawajalia watoto wawili, Wilbard na Lydia. Raheli alikuja na mdogo wake mmoja wa kiume ambaye karibu alihamia kwa dada yake moja kwa moja, kijana mrefu, mwimbaji, mlaji wa makande kuliko watu watatu. Jina lake lilikuwa Aminieli. Rogath alimpenda shemeji huyo. Alimfundisha kusoma gazeti kwa sauti, akimsahihisha, na Aminieli alisoma vibaya kwa makusudi ili tu amwone mwalimu akipandwa na hasira.

Hapa tunawaomba wageni mliotoka mbali mtusikilize vizuri, maana bila hili hamtaelewa marehemu alikuwa nani. Ndiva ni bwawa letu. Maji ya mfereji hukusanywa humo usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila ukoo humwagilia kwa zamu yake. Kivindu haikuwa na ndiva yake mpaka mwaka 1985, kijiji kilipoamua kuchimba. Ilichimbwa kwa msaragambo: pembe inalia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyekuja anatozwa beberu. Mama mzaa Raheli, Mama Agatha, ndiye aliyewatoa wanawake kubeba udongo kwenye vikapu, na ndiye aliyegombana na wazee mpaka tuta likapandishwa juu ya mwamba badala ya kuwekwa kwenye tope.

Tarehe 12 Machi 1986, siku ya Jumatano, pembe ya chakula ililia na watu wakapanda kwenda kula. Aminieli alibaki chini akimalizia tundu la kutolea maji, na Rogath alikuwa juu ya tuta akimsubiri waende pamoja. Udongo uliokuwa umelowa usiku kucha ukashuka. Rogath aliruka mle ndani. Hakutumia jembe kwa kuogopa kumkata, alichimba kwa mikono, akikwangua na kurusha nyuma, mpaka alipoushika ukosi wa shati. Watu walipofika mbio kutoka kwenye makande walimkuta Aminieli amelazwa majanini, mdomo umejaa udongo, na Rogath anaendelea kumpangusa uso kama anayemwamsha mtoto aende shule. Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuna mwingine aliyeona yaliyotokea mle ndani ila Rogath.

Mwaka 1994 ulikuja mradi wa wafadhili. Walikuta ndiva ina miaka tisa, inavuja kidogo upande wa chini. Wakaipaka saruji, wakaondoka wakiwa wameacha kibao kizuri cha chuma kinachosema kwamba bwawa limejengwa na wao. Siku ya uzinduzi Mama Agatha aliwekwa kwenye kwaya ya kuwakaribisha wageni, akaimba amesimama juu ya lile tuta lililomla mwanawe. Mwandishi wa gazeti alikuja akiwa amepanda gari la mradi, akaandika alichosoma kwenye kibao. Huku milimani tulicheka. Tuliona kibao ni kibao na maji ni maji. Ule ndio ujinga wetu wote: hatukujua kwamba kibao kinaweza kuwa na nguvu kuliko tuta lenyewe.

Marehemu alipanda cheo akawa mkaguzi wa shule mwaka 1996, akiwa na ofisi mjini Same, na akastaafu kwa heshima mwaka 2017. Kama mkaguzi aliogopwa kutoka Lembeni mpaka Jipe. Walimu waliiona pikipiki yake ikitimua vumbi kwa mbali wakaanza kufuta ubao. Mwaka 2010 alihudhuria semina mjini Moshi iliyowafundisha walimu kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu duniani anaweza kuisoma bure na kila mtu anaweza kuihariri, na hakuna anayelipwa. Alirudi nyumbani na kompyuta ya mkononi na macho ya mtu aliyeokoka. Jina alilojipa humo ni Mkaguzi57. Baada ya miaka miwili wenzake walimpa ukabidhi, yaani funguo: uwezo wa kufuta ukurasa na kumfungia mtu nje asihariri tena.

Sheria ya kule ni moja na inaeleweka na mtoto. Huandiki unachokijua. Unaandika kile ambacho mtu mwingine asiyekuhusu amekwisha kukichapisha, na chini yake unaonyesha ulikokitoa. Wengine waliishika sheria hiyo kama mtu anavyoshika mwavuli, wakiufungua mvua ikinyesha na kuufunga jua likitoka. Rogath aliishika kama mtu anavyoshika imani. Kuna mhariri mwenzake wa Morogoro, Fadhila, ambaye ametuma rambirambi na tunamshukuru. Huyo alibishana naye miaka mingi kwenye ukurasa wa majadiliano. Fadhila alisema kwamba sisi watu ambao mambo yetu mengi hayakuchapishwa tutajikuta hatupo, na kwamba ushuhuda wa wazee uwekewe utaratibu upokelewe. Rogath alimjibu kwamba mlango ukifunguliwa kwa ukweli, uongo nao haubishi hodi.

Na hakusema hivyo kwa kubuni. Mwaka 2014 ukoo mmoja huku juu uliandika kwenye kamusi kwamba mfereji fulani ulichimbwa na babu yao, wakachapisha ukurasa huo kwenye karatasi, wakaupeleka serikali ya kijiji kudai zamu ya kwanza ya maji. Nyumba tatu za wajane zingekauka. Rogath aliufuta ukurasa, akashuka na kupanda mpaka ule upuuzi ukatupwa. Wajane hao wamekaa hapo mbele leo na mmoja wao ndiye aliyetuletea ndizi za msiba. Kwa hiyo msidhani tunazungumza habari za mtu mpumbavu. Ingekuwa hivyo tungemsamehe zamani.

Wilbard, mtoto wake wa kwanza, mhasibu huko Dodoma, siku moja ya Desemba 2019 alitafuta kijiji cha mama yake kwenye simu na akakuta ukurasa wa Ndiva ya Kivindu. Ulisema ni bwawa la umwagiliaji lililojengwa mwaka 1994 na mradi wa wafadhili, na chini yake lilitajwa lile gazeti. Wilbard akarekebisha. Akaandika kwamba ndiva ilichimbwa na wanakijiji kwa msaragambo kuanzia 1985, na kwamba kijana Aminieli Gideoni alifia humo mwaka uliofuata. Kabla chai haijapoa maneno yake yalikuwa yameondolewa. Aliyeyaondoa ni Mkaguzi57, na Wilbard alipofuatilia akagundua kwamba hata ukurasa wenyewe ulianzishwa na huyo huyo, mwaka 2011.

Krismasi ile walikutana nyumbani kwa wazazi, Lembeni. Baba amekaa kwenye kiti chake na kompyuta, mwana amekaa kwenye kochi na simu, hawasemeshani, na Raheli anapita katikati na sahani za pilau akidhani wanaume wamechoka na safari. Kumbe walikuwa wakipigana. Mwana anarudisha, baba anaondoa. Mwana anarudisha, baba anaondoa na kuandika onyo la pili. Mwishowe baba alitumia zile funguo akamfungia mwanawe nje kwa mwezi mzima, akafunika kompyuta, akaomba apitishiwe kachumbari. Wilbard akasimama akamwambia mama yake mambo yote pale pale mezani.

Raheli hajui kompyuta. Aliweka sahani chini, akamwuliza mumewe kama ni kweli amemfuta Aminieli.

"Sijamfuta," Rogath akasema. "Hana chanzo."

"Baba Wilbard, wewe ndiye uliyemtoa kwenye tope."

"Mama Wilbard, mimi si chanzo."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Akaanza kueleza: msalaba wa kaburini unasema Aminieli alikufa, hausemi alifia wapi, kitabu cha usharika hakijachapishwa, kumbukumbu ya mhariri mwenyewe ndiyo inayokatazwa kabla ya zote. Raheli alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba, kwa hesabu hiyo, mdogo wake alizikwa na bwawa ambalo halikuwepo. Rogath akafikiri kidogo, kwa sababu alikuwa mwaminifu, akajibu kwamba kwa mujibu wa kamusi ndivyo.

Wengine mtauliza, si ukurasa tu huo, nani anausoma? Wanausoma watoto wa Kivindu. Mwalimu anawatuma waandike historia ya kijiji chao, nao wanaandika 1994. Mwaka 2022 mjukuu wa Rogath mwenyewe alileta nyumbani daftari lenye alama ya vema nyekundu juu ya mwaka huo. Raheli aliliona. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kwamba kabla hajafa jina la Aminieli lirudi kwenye ndiva iliyomuua.

Akamwuliza mumewe chanzo kinapatikanaje. Rogath, kwa furaha kabisa, akamfundisha kama anavyomfundisha mwanafunzi aliyeanza kuelewa: apatikane mtu wa nje, asiye ndugu, achunguze mwenyewe, achapishe. Basi Raheli, mama wa miaka sitini, akashuka Same, akauliza huku na huku, akampata kijana mwandishi wa gazeti aitwaye Samweli. Samweli ni kijana mzuri na yupo hapa leo, ingawa ametuomba tusimtaje. Alipanda Kivindu mara mbili. Wengi waliochimba ndiva wamehamia Jipe au wamehamia makaburini. Aliowapata walikuwa wazee wawili; mmoja akasema ilikuwa 1984, mwingine akasema 1988, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe mbele yake. Mhariri wake gazetini akamwambia aache, au alete mtu aliyeona kwa macho na ambaye tarehe zake hazitetereki.

Mtu huyo alikuwepo. Mkaguzi mstaafu, akili timamu, tarehe zote kichwani, mkono uliomshika Aminieli ukosi.

Tarehe 17 Juni 2023 Samweli alifika Lembeni. Raheli alikuwa amechinja kuku na kufua vitambaa vya viti. Kijana alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba vizuri, akaulizwa habari za wazazi. Kisha akaweka simu ya kurekodia mezani na akaomba asimuliwe ya Machi 1986. Rogath akaisogeza simu ile kando. Akasema kwamba kwa masikitiko makubwa hawezi kusema chochote, kwa sababu ukurasa ule anausimamia yeye, na akisema leo gazetini, kesho gazeti hilo litatajwa kwenye ukurasa wake, itakuwa mhariri amejitengenezea chanzo kwa mdomo wake. Akaongeza kwamba katazo hilo aliliandika yeye mwenyewe mwaka 2013, na wamelikubali wote.

Samweli alisema, "Mzee, lakini wewe uliona."

"Niliona," Rogath akasema. "Usiandike hilo."

Raheli alisikia yote akiwa mlangoni ameshika bakuli la mchuzi. Alimfungia kijana mapaja mawili ya kuku kwenye mfuko, akamsindikiza barabarani, akarudi akala na mumewe yaliyobaki. Lakini jina la Baba Wilbard lilikoma siku ile. Kuanzia jioni hiyo alimwita mumewe Mkaguzi, mbele ya watoto, mbele ya wageni, mpaka mbele ya mchungaji. Rogath hakulalamika. Alikubali kuitwa hivyo kama anavyokubali mtu onyo la pili.

Agosti mwaka huo aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwenye hospitali ya rufaa, akarudi, akatibiwa tena, na mwanzoni mwa 2025 aliomba apandishwe huku Kighare nyumbani kwa wazazi wake. Raheli ndiye aliyemuuguza. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza kila saa asipate vidonda, na vidonda hakupata hata kimoja, daktari alishangaa. Na kila asubuhi, akimaliza kumvika shati safi, aliinama sikioni kwake akamwuliza kitu kimoja: "Mkaguzi, chanzo kimepatikana?"

Hedwiga alimsihi wifi yake aache. Alimwambia mgonjwa hateswi hivyo, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Raheli akamjibu kwamba yeye Hedwiga alikuwa mwepesi wa kuhurumia kwa sababu ndugu yake alikuwa bado anaonekana kitandani. Hedwiga alirudi jikoni.

Rogath alisalimu amri tarehe 11 Machi. Kwa nini siku hiyo, hatujui, na hatutabuni. Raheli alipoinama na swali lake, Rogath alikuwa amekwisha kufumbua macho, akamtangulia. "Mwite yule kijana," akasema. "Mwambie nitasema. Wenzangu watanifuta na wako sahihi, lakini nitasema." Raheli alitoka nje akapiga simu. Samweli alisema atapanda keshokutwa. Usiku wa kuamkia safari mvua iliporomosha udongo barabarani, magari hayakupita, na kijana akaishia Lembeni akarudi. Akaahidi kuja njia ikifunguliwa.

Zile siku chache Rogath alikuwa mwema kuliko tulivyomzoea. Aliomba radhi kwa Wilbard kwenye simu. Alimwomba Hedwiga amsimulie ile mvua ya mawe ya mama, akasikiliza hadi mwisho na hakuuliza lolote. Raheli akamsihi aanze kumsimulia yeye ya Aminieli, wayarekodi kwenye simu ya Lydia. Rogath akakataa. Alisema kumsimulia mke hakuna faida, kwa kuwa ni ndugu wa aliyekufa, na kinachotakiwa ni mtu wa nje aulize mwenyewe. Hata kwenye kuvunja sheria alitaka aivunje kwa utaratibu. Tunalisema hili kwa uchungu: angefungua kinywa siku ile, leo tungekuwa na sauti yake.

Tarehe 16 Machi, Jumapili, kiharusi kilimpiga akinywa uji. Kilichukua upande wa kushoto wa uso na kikachukua maneno yote. Samweli alifika Jumatano, viatu mkononi, tope hadi magotini. Alipomwamkia mzee, mzee alimtazama na mdomo ukafunguka, haukutoka hata ukelele. Kijana aliketi hata hivyo. Aliweka simu kwenye mto, karibu na shavu, akauliza kwa heshima ni mwaka gani ndiva ya Kivindu ilichimbwa, na nani alifia humo, na alifaje.

Ndipo mikono ya Rogath ilipoanza. Ilikamata blanketi, ikalivuta kifuani, ikaliachia, ikalikamata mbele zaidi. Ule wa kulia kwa nguvu, wa kushoto ukijaribu kuufuata. Ilikwangua, ikakusanya, ikatupa nyuma. Mgonjwa alikuwa anatweta na jasho linamtoka, macho yake yamekazwa kwa Samweli, na mikono haikusimama.

"Anasema," Raheli akamwambia kijana. "Andika."

"Mama, anasema nini?"

"Anamfukua Aminieli. Humwoni?"

Samweli alimwona. Alikaa pale akamwona kwa muda mrefu, na machozi yalimshuka, haya ametueleza yeye mwenyewe. Kisha akanyoosha kidole akazima simu. "Mama, nisamehe," akasema. "Mikono siwezi kuiandika." Akateremka na tope lile lile.

Mikono haikusimama alipoondoka. Madaktari wana jina la hali hiyo na hatuna sababu ya kuwabishia. Ilichimba mchana, ikatulia akisinzia, ikaanza akiamka, kwa zaidi ya wiki mbili, mpaka blanketi likatoka nyuzi. Lydia alitaka kumfunga mikono kwa kanga, kwa upole, apumzike. Mtu mmoja tu angeweza kumtuliza. Raheli angeweza kumshika vidole na kumwambia basi, ametoka, umemtoa, na sisi sote tuliokuwa chumbani tunaamini mikono ingelala. Alijua hivyo pia. Lakini Raheli alivuta kigoda, akaketi mkabala na kitanda, akamtazama mumewe akichimba. Hakumgusa ila kumwogesha na kumlisha. Ameomba hili lisomwe hapa, na kwamba lisomwe bila kupambwa.

Rogath Sifael Mfinanga alifariki dunia nyumbani kwao Kighare Jumamosi, tarehe 5 Aprili 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mikono ilikuwa bado imeshika blanketi, ikabidi Wilbard aifungue kidole kimoja kimoja. Wahariri wenzake wametuma salamu nzuri. Wilbard aliwauliza kama haya tunayoyasoma leo, yakishachapwa kwenye ratiba hii ya mazishi, yanaweza kutajwa kwenye ukurasa wa ndiva. Fadhila alijibu akilia. Hayawezi, kwa sababu yameandikwa na ndugu, na wa pekee asiye ndugu aliyeona mikono hakuandika. Hadi asubuhi ya leo ukurasa unasema 1994.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, Mzee Sifael na Mama Elinaza. Na mama mkwe wake, Mama Agatha, aliyetoa wanawake kubeba udongo. Na shemeji yake Aminieli Gideoni, aliyefia ndani ya ndiva ya Kivindu tarehe 12 Machi 1986, kwa mujibu wa mtu aliyekuwepo. Ameacha mjane, Raheli, watoto, Wilbard na Lydia, wajukuu watano, dada mmoja, Hedwiga, na kurasa nyingi zilizoandikwa kwa usahihi mkubwa.

Mungu ampokee kwa aliyoyaona, asimpokee kwa yaliyoandikwa. Apumzike, yeye na mikono yake.